Kutoka Honi ya Lori hadi Siwa: Kuwafunza Watoto wa Mlolongo Historia ya Ala za Kupulizwa

1.0 Utangulizi

Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos, ni mji uliokulia kando ya barabara kuu ya Mombasa. Jina lenyewe huhusishwa na foleni ya malori yaliyosubiri kupimwa uzito kwenye mizani. Mtoto wa hapa hujua mlio wa honi kabla hajajua kusoma. Hata hivyo, mtoto huyo akiulizwa tarumbeta ilitoka wapi, huenda akajibu kwamba ililetwa na Wazungu. Makala haya yanadhamiria kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuliondoa kosa hilo kwa somo la vipindi viwili, bila vifaa vya gharama. Hoja yetu ni kwamba msamiati wa Kiswahili wenyewe umehifadhi historia hii, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya kuifundisha sawa na mwalimu wa muziki.

2.0 Aina tatu na majina yake

Somo lianze na honi ambayo watoto wanaisikia. Waulizwe: ni nini kinacholia? Katika honi ya lori, hewa iliyoshindiliwa hutikisa kiwambo chembamba, na bomba hukuza sauti. Sasa waambiwe wafumbe midomo na kupuliza hadi itetemeke. Midomo hiyo ndiyo kiwambo. Hivyo ndivyo pembe ya mnyama ilivyolia karne nyingi kabla ya lori la kwanza.

Kutokana na jaribio hilo, ala za kupulizwa zigawanywe katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la filimbi, ambapo pumzi hugonga ukingo wa tundu. Humu imo chivoti ya Wadigo, inayoshikwa kwa upande. Kundi la pili ni la zumari, ambapo kinachotetemeka ni ulimi mwembamba uliotiwa kwenye ncha ya ala. Nzumari huongoza ngoma ya sengenya miongoni mwa Wadigo na Waduruma. Neno hili lina asili ya Kiarabu, ishara ya mawasiliano ya Bahari ya Hindi. Kundi la tatu ni la baragumu, ambapo hutetemeka midomo ya mpulizaji: coro ya Wakikuyu, oporo ya Waluo iliyo pembe, na abu yao ya kibuyu.

Hapa mwalimu aizingatie lugha. Pembe iliyopulizwa kuwaita watu iliitwa mbiu, na hadi leo twasema kupiga mbiu kwa maana ya kutangaza, hata anayetangaza akiwa na kipaza sauti. Methali isemayo mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo haieleweki vyema kwa mtoto asiyejua kwamba mbiu ni kitu cha kushikwa mkononi.

3.0 Ushahidi wa kale

Watoto hupenda kujua ni kipi cha kale zaidi. Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels nchini Ujerumani, ilipatikana filimbi ya mfupa wa tumbusi, yenye matundu 5 ya vidole na umri wa zaidi ya miaka 35,000. Barani Afrika, kaburi la Tutankhamun nchini Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na tarumbeta 2, mojawapo ikiwa ya fedha. Zilikuwa zimelala humo zaidi ya miaka 3,200.

Kisha turudi pwani yetu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, shajara ya safari yake iliandika kwamba miongoni mwa wapigaji muziki wa mfalme kulikuwa na baragumu 2 za pembe za ndovu, zenye nakshi na urefu wa mtu, zilizopulizwa kupitia tundu la ubavuni. Kwa hiyo, Mreno huyo hakuleta baragumu. Alipokewa nazo. Mwalimu aliandike tarehe hiyo ubaoni, kisha amsimamishe mtoto mmoja mbele ya darasa ili wenzake waukadirie urefu huo.

Ala za jamaa hiyo ndizo siwa. Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Siwa ilikuwa alama ya utawala na heshima, wala haikupulizwa ovyo. Ililia katika sherehe kubwa, zikiwemo harusi za waungwana.

4.0 Utendaji darasani

Katika kipindi cha pili, kila kikundi kipewe mpira mpya wa maji wa mita 1 na mwingine wa mita 2, pamoja na faneli ya kutia mwishoni. Watoto watagundua kwamba mpira mrefu hutoa sauti nzito zaidi. Kila mtoto awe na kipande chake cha kupulizia, kioshwe kabla na baada.

Huenda mtoto akauliza kwa nini hatutumii pembe ya ndovu. Swali hilo lisikwepwe. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, isiyo mbali na Mlolongo. Twaweza kuienzi kazi ya mchongaji wa kale bila kutaka ndovu mwingine auawe.

Kazi ya nyumbani iwe moja: kila mtoto amuulize mzee wake, kwao nini kilipulizwa, kwa jina gani na katika tukio gani. Mlolongo umekusanya watu wa jamii nyingi, hivyo majibu ya darasa moja yaweza kuwa kamusi ndogo.

5.0 Hitimisho

Somo hili halihitaji safari ya Lamu. Lahitaji pumzi, mpira wa maji na mwalimu anayejua kwamba neno likisahaulika, kitu chake nacho husahaulika. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wangali nasi. Tuwatume watoto wakawaulize mapema.