Mkaa na Kombe: Namna ya Kuzisoma Tarehe za Kaboni katika Historia ya Mwambao

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuikwepa akiolojia. Anapofundishwa chimbuko la lugha, la ushairi na la miji ya mwambao, hana budi kukutana na tarehe: mji fulani ulianza karne ya 8, mwingine karne ya 11. Aghalabu tarehe hizo huzinukuu kama alivyozikuta, akiamini kwamba sayansi ikishasema hapana tena la kujadiliwa. Jambo hili linashangaza. Tunaposoma utenzi au riwaya hatuachi kuuliza nani anayesimulia, alikuwa wapi, na anayajuaje anayoyasimulia. Mbona basi hatuulizi tarehe imetoka katika kitu gani?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umri wa mkaa na wa makombe, yaani maganda ya chaza, kome na konokono wa baharini, unavyopimwa kwa kaboni-14. Hoja yetu ni kwamba mkaa na kombe vilivyookotwa katika jiko moja vyaweza kutofautiana kwa karne nne, na kila kimoja kikawa kimesema kweli yake. Anayeinukuu tarehe bila kujua imetoka kwa shahidi yupi anaweza kuipotosha historia ya jamii nzima.

Shanga na uzito wa karne nne

Tuchukue mfano wa Shanga, magofu yaliyo kusini-mashariki mwa kisiwa cha Pate, karibu na Siyu. Mwanaakiolojia Mark Horton aliongoza uchimbaji huko katika miaka ya 1980, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1996. Chini ya msikiti wa mawe ilipatikana misikiti mingine iliyoutangulia, iliyojengwa kwa miti na udongo, mmoja juu ya mabaki ya mwingine. Kwa kutumia vyombo vya kigeni vya udongo, sarafu na vipimo vya kaboni, mwanzo wa makazi hayo uliwekwa kwenye karne ya 8, na kuhamwa kwake takriban mwaka 1425.

Umuhimu wa tarehe hizo hauhitaji kusisitizwa. Habari za Pate, masimulizi mashuhuri ya visiwa hivyo, huanza na kufika kwa Wanabahani mnamo mwaka 600 wa Hijra, yaani takriban 1204, na husimulia pia jinsi Pate ilivyoishinda Shanga. Masimulizi hayo yanatupa mwisho wa mji. Mwanzo wake tunaupata ardhini. Isitoshe, kwa miaka mingi palikuwa na wataalamu, miongoni mwao Neville Chittick aliyechimba Kilwa na Manda, waliotilia mkazo mchango wa wageni kutoka ng'ambo katika kuasisi miji hii. Wengine waliwapinga, wakaonyesha kwamba misingi yake ni ya Kiafrika. Katika mjadala wa namna hiyo, kosa la karne nne si dogo. Linaweza kuupeleka mji nyuma ya Hijra ya 622 na kuufanya uwe wa kale kuliko dini ambayo misikiti yake imefukuliwa humo.

Misingi ya kipimo

Mionzi itokayo angani huzalisha nyutroni katika tabaka za juu za hewa. Nyutroni hizo zinapogonga atomu za naitrojeni, hutokea kaboni-14, ambayo ni nzito kuliko kaboni ya kawaida na isiyo thabiti. Kiasi chake ni kidogo mno: takriban atomu moja katika kila atomu trilioni moja za kaboni. Kaboni hiyo huungana na oksijeni, ikafyonzwa na mimea, kisha ikaingia katika miili ya wanyama na watu wanaokula mimea hiyo. Kiumbe kikiwa hai, kinachopotea hufidiwa. Kikifa, mlango hufungwa. Kuanzia hapo kaboni-14 iliyomo hupungua kwa kiwango maalumu: baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, baada ya mingine 5,730 hubaki robo, na kadhalika. Zaidi ya miaka 50,000 hivi, kinachosalia hakitoshi kupimika.

Willard Libby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliiasisi njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 Libby akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Zamani ilihitajika sampuli kubwa, kwa kuwa mionzi ndiyo iliyohesabiwa. Leo mashine huhesabu atomu zenyewe, na punje moja ya mtama iliyoungua yatosha.

Maabara hutoa jibu kwa "miaka kabla ya sasa", na "sasa" hiyo kwa mapatano ni mwaka 1950. Hata hivyo, miaka hiyo haiwi sawa na miaka ya kalenda, kwa sababu kiasi cha kaboni-14 hewani kimekuwa kikibadilika. Ndiyo maana jibu hulinganishwa na vipimo vya pete za miti ambazo umri wake unajulikana mwaka kwa mwaka. Kinachopatikana baada ya ulinganisho ni kipindi chenye uwezekano fulani. Anayeandika "mwaka 780" pale ambapo maabara imesema "kati ya 700 na 890" ameongeza neno lisilokuwamo katika matini.

Ushahidi wa mkaa

Mkaa una sifa moja kubwa: mti huvuta kaboni yake moja kwa moja kutoka hewani. Lakini nao una hila yake. Mti hukua kwa kuongeza pete upande wa nje, na pete za ndani huacha kupokea kaboni mpya. Kipande cha mkaa kilichotoka katika moyo wa mti wa miaka mia mbili kitasema umri wa moyo huo, wala hakitasema siku mti ulipokatwa. Juu ya hayo, watu wa pwani hawakutupa mbao ovyo. Boriti ya mkoko ilitolewa katika nyumba iliyobomoka ikatiwa katika nyingine. Ubao wa mtepe uliochakaa uliishia jikoni. Moto uliwashwa leo, kuni zikawa za juzi.

Kwa hiyo watafiti makini hupendelea vitu vya maisha mafupi: vijiti, vifuu vya nazi, na mbegu zilizoungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima moja kwa moja mbegu za mazao ya Afrika na ya Asia kutoka pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Mbegu ni zao la msimu mmoja. Haina ujana wa kuficha.

Ushahidi wa kombe

Kombe nalo huishi miaka michache tu, na kwa hilo lingefaa kuwa shahidi bora. Tatizo lake ni bahari. Maji ya kilindini hukaa muda mrefu bila kukutana na hewa, na kaboni-14 iliyomo huendelea kupungua. Maji hayo yanapopanda juu na kuchanganyika na ya juu, chaza hujenga ganda lake kwa kaboni ambayo tayari ni kuukuu. Matokeo yake ni kwamba kombe huonekana limekufa karne kadhaa kabla ya wakati lilipokufa hasa. Kwa muda mrefu wastani uliotumika duniani ulikuwa takriban miaka 400, na jedwali jipya la bahari lililotolewa mwaka 2020 limeuongeza.

Wastani huo hautoshi, kwani kila pwani ina hali yake. Msimu wa kusi, kwa mfano, maji ya chini hupanda kwa nguvu katika pwani ya Somalia kuliko kwetu. Marekebisho ya kila mahali hutafutwa kwa kupima makombe yaliyookotwa yakiwa hai katika miaka inayojulikana, kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kuongeza kaboni-14 hewani. Chakula cha kiumbe nacho kina neno: konokono anayekwangua mwani juu ya mwamba wa chokaa huweza kumeza kaboni ya kale mno iliyomo mwambani.

Hata mifupa ya binadamu haikusalimika. Mtu aliyeishi kwa samaki huibeba bahari mwilini, na umri wa mifupa yake huhitaji marekebisho.

Mfano wa hesabu

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba jiko moja limetoa kijiti kilichoungua na kombe la chaza. Kijiti kina asilimia 86 ya kaboni-14 inayotarajiwa katika kiumbe hai: maabara yatasema miaka 1,200 kabla ya sasa. Kombe lina asilimia 82: maabara yatasema miaka 1,600. Msomaji mwenye haraka atatoa 1,600 katika 1950, apate mwaka 350, kisha atangaze kwamba jiko hilo lilikuwapo karne tatu kabla ya Hijra. Akiondoa miaka 400 ya bahari, kombe litakubaliana na kijiti, na ulinganisho utaliweka jiko kati ya karne ya 8 na ya 10. Tofauti yote hiyo imeletwa na upungufu wa asilimia nne tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mkaa huweza kuongeza umri kwa sababu ya ukale wa mti, na kombe kwa sababu ya ukale wa maji. Mielekeo yote miwili huufanya mji uonekane wa kale kuliko ulivyo. Na kwa kuwa sisi wenyeji wa lugha hii hupenda kusikia kwamba miji yetu ni ya kale, hatari ya kukubali haraka ni kubwa zaidi upande wetu.

Kwa hiyo, kabla ya kunukuu tarehe katika tasnifu au semina, mwanafunzi na aulize maswali manne. Kilichopimwa ni kitu gani? Je, kilikuwa katika tabaka lake, au kimesogezwa na mashimo ya kaa na mizizi? Je, jibu limelinganishwa, na kama ni kombe, bahari imerekebishwa kwa kipimo cha pwani ipi? Mwisho, tarehe ni moja pekee au ziko kadhaa zinazoungana mkono? Historia ya Waswahili ina ukongwe wa kuitosha. Haihitaji karne nne za kuazima kutoka kilindini.