Somo: Viini vya Tumboni na Ukurutu wa Mtoto

Siku hizi madukani kuna poda na matone ya probiotiki, yaani viini hai vya kusaidia tumbo. Bei yake si mchezo. Je, vinatibu ukurutu wa mtoto mchanga? Tujifunze pamoja.

Ukurutu ni nini?
Wengine huuita pumu ya ngozi. Ngozi ya mtoto hukauka na kumwasha sana, hasa mashavuni. Hauambukizi. Si uchafu wa mama, wala mtoto hakurogwa.

Viini vina kazi gani?
Si kila kiini ni adui. Viini vingi vya tumboni hufundisha kinga ya mwili kumjua rafiki na adui. Ndiyo maana watafiti walivitumaini.

Mwaka 2001 watafiti wa Turku, Ufini, walitoa taarifa juu ya jamaa zenye mzio. Mama wajawazito walipewa kiini kiitwacho Lactobacillus GG, kisha kikaendelea kutolewa miezi 6 baada ya kuzaa. Watoto walipofika miaka 2, 15 kati ya 64 walikuwa na ukurutu. Kwa wasiopewa, walikuwa 31 kati ya 68. Lakini mwaka 2008 utafiti wa Ujerumani uliotumia kiini hicho hicho haukuona faida.

Hayo yalikuwa ya kuzuia. Je, kutibu? Mwaka 2018 wachunguzi wa Cochrane walipima majaribio 39. Kumbe faida ni ndogo mno, au haipo!

Tufanye nini basi?
1. Pesa ya poda heri inunue mafuta ya kupaka yasiyo na manukato. Mpake mtoto kila siku, hasa akitoka kuoga maji ya uvuguvugu.
2. Tuache sabuni kali, na tumkate kucha.
3. Tumpe maziwa ya mama peke yake miezi 6. Yana sukari ya pekee inayolisha viini vyema. Maziwa lala na mursik vina viini hai, lakini si chakula cha mtoto mchanga.
4. Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akipata homa, twende kliniki mara moja.

Ya kuzungumza kikundini
Kwetu watu husema ukurutu huletwa na nini? Tutamsaidiaje mama anayelaumiwa?