🌙 Darsa ya leo: Safina hujengwa kabla ya mvua

Nabii Nuhu (a.s.) aliijenga safina ardhi ingali kavu. Sisi wa Jangwani na bonde la Msimbazi masika tunayajua: Machi hadi Mei. Kutawakali hakuzuii kujiandaa.

Leo kabla ya futari:
1. Vyeti na dawa tieni kwenye ndoo yenye mfuniko, iwekwe juu.
2. Zibueni mtaro, na wa jirani pia.
3. Swichi kuu izimwe kabla maji hayajaingia ndani.
4. Mkienda tarawehe, nani anabaki na bibi na watoto? Mvua ikizidi atawapeleka wapi? Semezaneni leo.

Maji yaendayo kasi, hata ya sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usivuke! Vyombo hununuliwa, roho hainunuliwi.

Allah atuhifadhi. Amin. Mfikishie na jirani yako.