Tairi Kubwa kwa Gari la Kazi: Tupime Kabla ya Kununua



Mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha kwenye vilima vya Gashonga, njia za udongo ziendazo mashambani hugeuka utelezi mtupu. Gari lililopita jana bila shida leo linazama hadi kwenye difu, na abiria wanashuka kulisukuma. Hapo husikika neno lile lile: "Gari hili linataka tairi kubwa zaidi." Pengine ni kweli. Pengine shida ni tairi zilizokwisha meno, au upepo usiopimwa tangu mwezi uliopita.

Somo letu linahusu kuchagua tairi kubwa za njia mbovu (mapine, kama wengi wasemavyo hapa kwetu) kwa gari la kuvuta kwa magurudumu manne linalofanya kazi kila siku: asubuhi kupeleka watu shambani, mchana kubeba mbolea, jioni kwenda Kamembe. Somo si la madereva na mafundi peke yao. Wewe unayepanda nyuma ya gari hilo, uhai wako umekaa juu ya tairi zake nne.

1. Gari linapita wapi hasa?

Kabla ya kuuliza bei, dereva aandike kwa juma moja kilomita anazokwenda kwenye lami, kwenye udongo mkavu na kwenye matope. Gari la sehemu zetu hukutana na njia za kila namna: udongo wa vilimani, lami ya Kamembe, na mteremko wa kwenda Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA.

Tairi nazo ni za namna tatu. Zenye herufi H/T ni za barabara nzuri. Zenye A/T ni za njia zote: meno yake ni ya wastani. Zenye M/T ni za matope: meno makubwa yenye nafasi pana katikati ili tope litoke. Hizi za mwisho huvuta vizuri shambani, lakini kwenye lami yenye maji hushika kidogo, hupiga kelele na huisha upesi. Gari likiwa matopeni siku chache tu kwa mwezi, A/T yatosha. Likishinda matopeni kila siku, M/T ina haki yake, na dereva apunguze mwendo kwenye lami.

2. Jinsi ya kusoma namba za tairi

Chukua tairi iliyoandikwa 265/70R16. Namba 265 ni upana wake kwa milimita. Namba 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana: milimita 185.5. Namba 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 406. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini: 406 + 185.5 + 185.5 = 777. Hicho ndicho kimo cha tairi nzima.

Sasa chukua 285/75R16. Ukipiga hesabu ile ile utapata milimita 834. Imezidi kwa milimita 57, karibu asilimia 7.

Pembeni mwa kipimo kuna namba ya mzigo. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120, ikiwa na upepo unaotakiwa. Tairi mbili za nyuma hubeba basi kilo 2,240, uzito wa gari lenyewe ukiwa ndani. Tairi mpya isiwe na namba ndogo kuliko ile iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Tazama pia tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Namba 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mapya na mpira uliozeeka, hasa ile ya mtumba.

3. Unapata nini, unalipa nini?

Tairi ikizidi kwa milimita 57, difu haipandi milimita 57. Inapanda nusu tu, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Kwa hiyo umepata milimita 28, kama upana wa vidole viwili hivi. Vidole viwili vyaweza kukuvusha jiwe, lakini tuangalie malipo yake.

Kwanza, gia. Gurudumu kubwa ni zito kuligeuza. Injini inapanda kilima kwa shida zaidi, klachi inachakaa, mafuta yanaongezeka.

Pili, breki. Breki ni zile zile, lakini gurudumu limekuwa kubwa, na nguvu ya kulizuia ardhini inapungua kwa karibu asilimia 7. Hapa tukumbuke nchi yetu ilivyo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Mto Rusizi kwenye tambarare ya Bugarama uko mita 950 hivi, mahali pa chini kabisa katika Rwanda. Gari linaloteremka huko na watu nyuma, lenye tairi kubwa kupita kiasi, linachosha breki mapema. Dereva ateremke kwa gia ndogo ili injini ishike gari, asikanyage breki njia nzima.

Tatu, mizani ya gari. Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, na zaidi kama watu wamesimama nyuma.

Nne, mita ya mwendo. Ikionyesha 60, wewe unakwenda 64. Ikionyesha 80, unakwenda karibu 86.

Jambo la tano wengi hawalifikirii, nalo lagusa kazi ya dereva. Mita inayohesabu kilomita nayo inadanganya. Gari likienda kilomita 1,000 za kweli, mita itaandika 932 tu. Karani anapogawanya mafuta kwa kilomita, ataona gari linakunywa kuliko zamani, na juu ya hapo tairi nzito zimeongeza mafuta kweli. Dereva mwaminifu anaweza kutiliwa shaka ya kuiba dizeli kwa sababu ya tairi ambazo hakuzichagua yeye. Kwa hiyo siku tairi zinapobadilishwa, iandikwe katika daftari la gari: kipimo cha zamani, kipimo kipya, na kwamba kilomita za mita zizidishwe kwa 1.07. Karani na dereva watie sahihi wote wawili.

4. Nyembamba au pana?

Tope la juu likiwa laini na chini yake pagumu, tairi nyembamba hulikata na kufika kwenye ardhi ngumu. Udongo ukiwa laini mpaka chini, kama kwenye mashamba ya bondeni, tairi pana huelea juu. Njia nyingi za vilimani zina ugumu chini ya utelezi. Hivyo mwenye kutaka kimo aweza kukipata bila upana: 235/85R16 ina kimo cha milimita 806, nayo ni nyembamba kuliko ile 265 tuliyoanza nayo. Fundi ahakikishe tu kwamba rimu inaikubali.

5. Kabla ya kutoa fedha

(a) Pima meno ya tairi za sasa, na upepo wake zikiwa zimepoa.
(b) Angalia njia yenyewe. Mtaro ulioziba ukizibuliwa siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, waweza kuleta nafuu kuliko tairi mpya.
(c) Funga tairi moja ya majaribio mbele, pakia gari, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Isiguse madigadi, fremu wala bomba la breki.
(d) Nunua tano za kipimo kimoja, pamoja na ya akiba. Tairi za vimo tofauti huharibu difu na giaboksi, hasa gari likivuta kwa magurudumu yote.
(e) Jaribu breki na mteremko bila abiria kwanza.

Kwa gari la kila siku, chagua ongezeko dogo kabisa litakalomaliza shida yako.

6. Nani anaamua?

Mwenye gari ndiye anayenunua, lakini anayeendesha na wanaopanda wana neno la kusema. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitoa mahali ambapo ana sababu ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe asipatwe na adhabu isiyo ya haki. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Tairi kipara juu ya mteremko wa matope, na watu nyuma, ni jambo la namna hiyo. Dereva aseme mapema, aseme kwa maandishi, na mjumbe wa wafanyakazi abaki na nakala.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Gari linalotupeleka kazini lina tairi za kipimo gani, na za mwaka gani?
2. Lina namba gani ya mzigo, na tunapanda wangapi?
3. Je, daftari la gari linaonyesha siku tairi zilipobadilishwa?
4. Dereva wetu akisema tairi hazifai, anamwambia nani, na jibu linaandikwa wapi?