Vipele vya Ndevu Kila Nikinyoa

Swali: Kila nikinyoa ndevu, kesho yake shingo inajaa vipele vinavyowasha. Nimepaka spiriti, nimepaka ndimu, wapi! Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, ndimu iache leo hii. Ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Chanzo cha vipele ni umbo la nywele zenyewe. Ndevu za kipilipili hujikunja. Wembe ukizikata chini ya usawa wa ngozi, ncha kali huota kuelekea ndani, na mwili huishambulia kama mwiba. Kwa hiyo usinyoe mpaka kidevu king'ae. Tumia mashine, ubakize kama milimita 1. Ukilazimika kutumia wembe, uwe mpya: oga kwanza maji ya vuguvugu, paka povu, fuata ndevu zinakoelekea, wala usiivute ngozi.

Kwa sasa pumzika kunyoa wiki 4 hivi. Najua kazini watasema; vumilia. Usivitumbue vipele, maana makovu yake ni magumu kuondoka. Vikitoa usaha, nenda kliniki ya ngozi, na nakusihi usijinunulie krimu za steroidi dukani.