Lisha Maji Kabla ya Kulisha Samaki

Mkulima mwenye akili hanunui ng'ombe wa maziwa kabla ya kupanda majani ya kumlisha. Lakini wafugaji wengi wa samaki hufanya kinyume. Huleta vifaranga vya kambare nyumbani, kisha ndipo huanza kuuliza vitakula nini. Jibu likipatikana, vifaranga vimekwisha kufa, na fedha zimepotea. Somo letu la mwezi huu ni juu ya kukuza chakula hai, yaani vidudu vidogo vya maji, ili vifaranga vikifika vikute chakula kiko tayari.

KWA NINI CHAKULA HAI?

Maji yakiwa na joto la kutosha, yai la kambare huanguliwa baada ya siku moja hivi. Kifaranga hutoka na kifuko cha kiini cha yai tumboni, nacho humlisha kwa siku mbili au tatu. Kifuko kikiisha, hapana budi ale. Lakini tumbo lake bado halijakomaa. Ukimpa unga mkavu peke yake hawezi kuusaga vema, na ule unaobaki huoza na kuharibu maji. Kidudu hai ni laini, huchezacheza mbele ya kifaranga, tena hakiozi upesi. Juma hili la kwanza ndilo huamua kama utakuwa na samaki wa kuuza au hapana.

Ngege si hivyo. Mama ngege hutunza mayai kinywani mwake, na watoto wakitoka hujitafutia katika bwawa lililotiwa mbolea. Kwa hiyo somo hili lawahusu hasa wafugaji wa kambare, pamoja na watu wa mijini wanaozalisha samaki wa mapambo katika matangi ya kioo.

KIDUDU CHENYEWE

Kidudu tunachokitaka huitwa moina. Mkubwa wake hufika milimita moja tu, naye huenda majini kwa kurukaruka kama kiroboto. Hula mwani, yaani ule ukijani wa maji, pamoja na bakteria na hamira. Akishiba na kupata joto, jike huzaa bila dume, na mtoto wake huanza kuzaa baada ya siku nne au tano. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwetu.

KAZI YENYEWE

Anza majuma mawili na nusu kabla ya vifaranga kufika.

Kwanza, tafuta mapipa mawili ya plastiki. Usitumie pipa lililokuwa na dawa ya mifugo, dawa ya mimea au sabuni, hata kama umelisafisha, kwa maana moina hufa kwa dawa kidogo mno. Pipa moja likiharibika, la pili litakuokoa.

Pili, tia lita 100 za maji katika kila pipa. Maji ya bwawa au ya mvua yafaa. Maji ya mfereji yaache wazi siku mbili ili dawa ya kuyasafisha itoke.

Tatu, chukua konzi moja ya mavi makavu ya kuku, kama gramu 50, uyafunge katika gunia dogo na kuyaning'iniza majini. Weka pipa mahali penye jua, ulifunike kwa neti ya mbu. Usisahau neti: bila hiyo utafuga mbu nyumbani. Tena pipa liwe mbali na watoto wadogo.

Nne, ngoja siku tano hadi saba, mpaka maji yawe kijani. Ili kupima, zamisha kijiko cheupe. Kikipotea machoni kwenye kina cha sentimita 30, au kabla ya hapo, maji yako tayari.

Tano, tia mbegu. Moina hupatikana katika vituo vya kuzalishia samaki, au katika vidimbwi vya kijani visivyo na samaki. Nenda alfajiri, wakati wanapokusanyika juu ya maji. Watie katika gilasi uwatazame. Wanaorukaruka ndio wetu. Waondoe viluwiluwi vya mbu na watoto wa kereng'ende. Mwondoe pia yule kidudu mwenye umbo la peari na vifuko viwili vya mayai mkiani, kwa maana huyo hushambulia vifaranga.

Sita, ukijani ukipungua, koroga robo ya kijiko cha chai cha hamira katika kikombe cha maji, ukamimine pipani. Maji yawe na ukungu kidogo tu. Usirudie mpaka ukungu huo uishe.

KUVUNA NA KULISHA

Baada ya juma moja hivi moina watakuwa wengi. Vuna kila siku, lakini usizidishe robo ya pipa, kisha urudishe maji masafi kiasi hicho hicho. Pitisha maji kwanza katika neti ya mbu ili takataka zibaki. Kisha yapitishe katika kitambaa chembamba cha nailoni, na moina watabaki humo. Waoshe kwa maji safi. Kwa siku za kwanza wapitishe tena katika kichungi cha chai chenye matundu madogo. Wakubwa hubaki juu, na wadogo wanaopita ndio wanaoenea kinywa cha kifaranga.

Lisha kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Baada ya siku tano hivi anza kuchanganya na unga laini wa chakula cha samaki, ukiongeza unga na kupunguza moina polepole.

ALAMA ZA HATARI

Maji yakinuka, umezidisha hamira. Badilisha nusu ya maji. Moina wakigeuka wekundu, hewa imepungua majini. Koroga maji taratibu, usiwape hamira siku hiyo. Ukiona jike ana doa jeusi mgongoni, hilo ni yai gumu, nalo ni alama ya njaa au msongamano. Lakini mayai hayo yana faida. Tope la chini ya pipa ukilikausha kivulini na kulihifadhi, waweza kulitia majini siku nyingine na moina wakaanguliwa tena. Katika sehemu za baridi kama Limuru na Nyandarua moina huzaa polepole, basi waanzishe mapema zaidi.

Ukitaka kujifunza kwa macho, mwone afisa wa uvuvi wa kaunti yako, au uulize habari za mafunzo katika kituo cha samaki cha Sagana, ambacho kimefanya kazi hii tangu mwaka 1948.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini unga mkavu peke yake haumfai kifaranga cha kambare siku za kwanza?
2. Kwa nini twatumia mapipa mawili?
3. Vifaranga vyako vitafika tarehe 20. Utatia mavi ya kuku majini tarehe gani?

Anayeweza kujibu swali la tatu bila kurudi nyuma kusoma, huyo yuko tayari kununua vifaranga.