Uagize mtandaoni au uende mjini?
Kabla ya kuwasha gari, piga hesabu. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Kwenda na kurudi, 240. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litameza lita 20. Zidisha kwa bei ya petroli ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kisha linganisha na ada ya kuletewa mzigo. Kitabu, au kipuri ambacho namba yake unaijua, agiza tu. Viatu au simu iliyotumika, nenda ujionee mwenyewe, maana kurudisha ni gharama nyingine. Muuzaji anayedai ulipe M-Pesa yote kabla hujaona mzigo, mwache. Na kama una safari ya Mombasa wiki hiyo, subiri: mafuta ni yale yale.